Funika Kitabu

"Nimesoma yote, Shangazi. Lakini sijui kitu."

Alisema hivyo saa saba usiku, amekaa dakani, mgongo kwenye ukuta wa chokaa, laptopu magotini na daftari ubavuni. Juu darini ngoma za harusi zilikuwa hazijanyamaza. Ilikuwa Desemba, wakati ambapo nusu ya Lamu inaoa na nusu nyingine imealikwa, na mpwa wangu, binti wa miaka 17 apendaye harusi kuliko chakula, alikuwa ameteremka ngazi kimyakimya akajificha na Baiolojia.

Nikalichukua daftari, nikalimulika kwa simu. Kila ukurasa umepigwa hailaita: waridi kwa maana za maneno, njano kwa mifano, kijani kwa michoro, na buluu kwa jambo ambalo mwenyewe alishasahau lilikuwa nini. Lilikuwa daftari zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona, nami nafundisha tusheni mwaka wa 11 sasa.

Nikamwambia ninachomwambia kila mtu: "Lala kidogo, uamke saa tisa, usome tena."

Ushauri huo umenikaa kooni kama mwiba wa samaki tangu usiku ule.

## Beseni la maji

Sikuuokota njiani. Ndio ulionivusha mimi. Mwaka niliofanya KCSE tulikuwa wasichana wanne, chumba kimoja Langoni, miguu ndani ya mabeseni ya maji baridi ili usingizi usituchukue. Anayesinzia anarushiwa maji ya uso. Tulisoma kitabu mwanzo hadi mwisho, tukarudia, mara ya tatu tukakipitia mbiombio. Nikapata B ya kujumlisha, nikapikiwa biriani, na ilipofika Januari nilikuwa siwezi kukutajia tofauti ya mitosisi na meiosisi hata kwa kulipwa.

Hiyo habari ya Januari huwa siwaambii wanafunzi wangu.

Kwa mtihani unaokuja mara moja, mwisho wa miaka minne, beseni laweza kukuvusha. Unajaza ndoo, Novemba unaimwaga, umemaliza. Safari ya mpwa wangu ni nyingine. Alipata ufadhili akaenda kusoma Mombasa, na huko wanafanya Diploma ya IB (International Baccalaureate), ile ya miaka miwili ambayo shirika lake liliundwa Geneva mwaka 1968. Masomo sita, kila moja alama 7. Matatu ni ya ngazi ya juu, yanayopangiwa saa 240 za kufundishwa kila moja. Matatu ya ngazi ya kawaida, saa 150. Juu ya hayo kuna insha ndefu isiyozidi maneno 4,000, juu ya swali ulilolitafuta mwenyewe. Kuna somo la Nadharia ya Maarifa, lenye maonyesho yake na insha ya maneno 1,600. Kuna shughuli za ubunifu, za viungo na za kuhudumia jamii, ambazo hazina alama ila ukizikosa hupewi diploma. Insha ndefu na Nadharia kwa pamoja zaweza kukuongezea alama 3. Jumla 45.

Ukitazama somo mojamoja, hakuna la kutisha. Mwanafunzi mzuri wa kidato cha nne angekifungua kitabu kile cha Kemia asione jini. Kinachoelemea ni kwamba yote hukudai kwa wakati mmoja, kama wenye duka waliokubaliana kuja siku moja. Desemba ile, mwaka wa pili, insha ndefu ilikuwa inadaiwa Januari. Ripoti ya jaribio la Kemia, asilimia 20 ya somo zima, ilikuwa nusu. Insha ya Nadharia haijaanzwa. Moki, yaani mtihani wa majaribio, Februari, mtihani wenyewe Mei.

Na mimi nikampa beseni.

Aliamka saa tisa siku tano mfululizo. Ya sita alisinzia mbele ya mahamri na mbaazi, kipande cha hamri mkononi, mdomo wazi. Mamangu akanitazama mimi, si yeye.

"Mtoto huyu mwamsomesha au mwamwadhibu?"

## Mikono iliyosimama

Ningependa kusema kwamba tulikwenda kwa mwalimu kutafuta mbinu. Hapana. Tulipeleka sinia la biriani ya harusi, kwa kuwa miguu yake haimpandishi tena ngazi za watu.

Mwalimu huyu ndiye aliyenisomesha mimi chuoni, akaja kumsomesha na mpwa wangu, katika kiwanda kilekile, ua wa ndani wa nyumba yake. (Wasomaji wa bara: huku chuo bila "kikuu" ni pale mtoto anapoanzia alifu.) Tangu nimjue anasuka ukili wa mikeka. Wewe unasoma, yeye anasuka, macho yake yako kwenye miyaa wala hayako kwako.

Tulipomaliza kuamkiana hakuuliza habari za shule. Alisema tu, "Haya, nisikie," akamtajia maneno ya katikati ya sura ya Tabaraka. Si ya mwanzo. Mwanzo kila mtu anao, ulimi unajipeleka wenyewe.

Mpwa wangu akaanza vizuri. Aya ya tatu akakosea.

Mikono ikasimama.

Ni hivyo tu. Hasemi "sivyo", hakudokezei neno. Ukili unatulia mapajani na wewe unajua. Kimya kile kilikuwa kirefu hata nikasikia punda akikohoa nje. Mimi neno nilikuwa nalo. Lilishafika ncha ya ulimi, kwa tabia yangu ya tusheni: mwanafunzi akinyamaza kidogo tu, namjazia. Mwalimu akaniinulia jicho mara moja. Nikalimeza.

Mpwa wangu akafumba macho, akarudi aya moja nyuma, akachukua mbio, akapita. Mikono ikaendelea kusuka.

"Umeacha kudurusi, mwanangu," mwalimu akasema mwishowe. "Lakini kisomo kimo. Kimelala tu."

Tulirudi bila kusema kitu. Uchochoroni ikabidi tujibanze ukutani kumpisha punda wa mchanga, na hapohapo, amebandika mgongo ukutani, mpwa wangu akaniambia: "Ile sura sijaifungua tangu Ramadhani. Kromatografia nimeisoma jana. Nilicho nacho ni kile cha Ramadhani."

## Ya kale kwanza

Sikulala vizuri usiku ule, na haikuwa ngoma.

Nilikuwa nafikiria chuoni tulikuwa tukifanya nini hasa. Hakuna mtoto aliyewahi kusifiwa pale kwa kutazama msahafu akasoma vizuri. Kutazama ni maandalizi. Kazi inaanza msahafu ukifunikwa. Kisha kuna mpangilio wake: kabla hujapewa kipya unatoa cha jana, na kabla ya cha jana unaweza kudakwa na cha mwezi uliopita. Ya kale kwanza, mapya baadaye. Wazee wetu waliosomea mbao walikuwa na jambo kali zaidi: ubao haukuoshwa mpaka kilichoandikwa kimeingia moyoni, na ukishaoshwa hakuna pa kuchungulia. Mimi mbao hizo nilizikuta mbili, tatu, zimeegemezwa ukutani. Fikiria kuosha daftari lenye rangi nne.

Nikaanza kutafuta wataalamu wamesema nini. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akachapisha mwaka 1885 jinsi tunavyosahau upesi mwanzoni na jinsi kurudia kwa kuachanisha siku kunavyoshikilia. Mwaka 2006 Wamarekani wawili, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja likasoma na kurudia kusoma, jingine likasoma kisha likajaribu kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, waliojaribu kukumbuka wakawaacha. Na mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walizipima mbinu kumi za kusomea: kupiga hailaita na kurudia kusoma zikawekwa chini, kujitahini na kusoma kwa kuachanisha siku zikawekwa juu kabisa.

Hiyo ya dakika tano ndiyo iliyonikamata. Ndiyo Januari yangu ile. Ukikisoma kitu mara tatu kwa mfululizo kinakuzoea, unakiona usoni kama jirani, na unadhani unamjua jina.

Sitaki kusema mabibi zetu walikuwa wanasaikolojia. Chuoni palikuwa na bakora pia, na tulihifadhi mengi bila kujua maana yake, miaka na miaka. Simtamanii mtu hayo. Lakini njia tulikuwa nayo, tena mtoto huyu alikuwa ameipita kwa miguu yake akiwa na miaka saba, na hakuna aliyemwambia, mimi wa kwanza, kwamba inafika mpaka Kemia.

## Karatasi tupu

Tulianza na sheria moja. Laptopu haifunguliwi mpaka ameandika, kwenye karatasi tupu, kila anachokumbuka cha jana. Dakika kumi. Akimaliza anafungua na kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Rangi moja tu.

Siku ya kwanza aliandika mistari minne akalia.

Siku ya nne ulijaa upande mmoja, na wekundu ulikuwa mwingi, na alikuwa anautazama ule wekundu kama mtu aliyeonyeshwa tundu la panya alilokuwa analitafuta nyumba nzima. Huo ndio ulikuwa mpango wake wa siku. Hakuna haja ya kusoma sura yote tena, soma penye wekundu.

Jioni alimfundisha nyanyake. Hili nililipendekeza kwa mzaha, likaja kuwa bora kuliko yote. Mamangu hakwenda shule, na hana subira na maneno makubwa. Mpwa wangu akamwambia osmosisi ni mwendo wa maji kupita utando kutoka palipo na chumvi kidogo kwenda palipo na chumvi nyingi.

"Si ng'onda hiyo?" mamangu akasema. "Wamtia chumvi, maji yamtoka."

Ndiyo, ng'onda hiyo, samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Chumvi inayavuta maji ya nyama, na vijidudu navyo vinakaushwa, ndiyo maana haozi.

"Basi mbona akiwa baharini, yu hai, na bahari ni chumvi, hakauki?"

Mpwa wangu akafungua mdomo. Akaufunga. Akafikia laptopu, nikaiweka mbali. Alikaa na swali lile mpaka baada ya isha, kisha ndipo akaruhusiwa kutazama: samaki wengi wa baharini hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kwa mashavu, lakini papa ana njia yake, anaihifadhi urea mwilini hata damu yake inalingana na bahari, na akifa urea hiyo hugeuka amonia. Akapiga ukelele uliotuita sote kiwandani. "Ndiyo ile harufu ya papa mkavu!"

Sidhani atalisahau hilo Mei. Sidhani atalisahau akiwa na miaka sabini.

## Visima vinne

Insha ndefu ilikuwa ugonjwa wa namna nyingine.

Swali lake la awali lilikuwa juu ya uchafuzi wa maji Lamu. Lote hilo. Msimamizi wake alimwandikia kwamba hapo pana vitabu vitatu, si maneno 4,000. Agosti, kusi ikivuma, alizunguka na chupa akichota visimani, maana maji matamu ya kisiwa hiki ni mvua iliyonywewa na mchanga wa Shela, yamekaa juu ya maji ya bahari, na ukiyateka kupita kiasi chumvi inapanda. Akarudi na sampuli shuleni, akazipima kwa nitrati ya fedha: unadondosha tone baada ya tone mpaka kloraidi iishe, na manjano ya kromati yageuke wekundu wa matofali. Data alikuwa nayo. Kilichokosekana ni maneno.

Nilipomuuliza kwa nini hajaandika, akasema anasubiri siku nzima iliyo tupu.

Siku hiyo haiko, mwanangu. Si Lamu mwezi wa Desemba, si popote.

Tukalipunguza swali mpaka likawa visima vinne na umbali wake kutoka ufukweni, basi. Akaandika kila siku baada ya sala ya alfajiri, dakika arobaini, akianza na jedwali kwa kuwa jedwali halihitaji ufasaha. Kisha maelezo ya jedwali. Kisha kisima kimoja kilichokataa kufuata mpangilio, ambacho yeye alitaka kukificha na mimi nikamwambia ndicho kitamu. Utangulizi akauandika mwisho, siku ambayo tayari alijua anatambulisha nini. Nyuma ya kalenda ya ukutani tulichora miezi kwa kurudi nyuma, Mei kuja Desemba, kila deni na tarehe yake. Hilo halina hadithi, lilichukua nusu saa na likamlaza usingizi.

Usingizi, ndiyo. Saa tisa za usiku tulizifuta. Ubongo hupanga na kuimarisha mambo ya mchana mtu akiwa amelala, kwa hiyo mimi, kwa ushauri wangu, nilikuwa namwamsha mpishi katikati ya kupika.

## Pasipofika

Katikati ya Januari nikaingiwa na shaka, na bado ninayo.

Insha ya Nadharia ya Maarifa huwezi kuihifadhi. Inakuuliza unajuaje unachosema unakijua. Maonyesho yake yanamtaka mwanafunzi achague vitu vitatu avifungamanishe na swali moja kati ya orodha iliyotolewa, na mwaka uliotangulia yeye alichagua swali la ni nini kinachohesabika kuwa maarifa. Ubao wa chuoni ulikuwa miongoni mwa vitu vyake. Nilipoisoma kazi ile nilikuta ameandika kwamba ubao ulimfundisha kushika kabla ya kuelewa, na kwamba hajaamua kama anashukuru.

Nililisoma hilo mara mbili. Sikumuuliza.

Na hata kwenye sayansi kukumbuka ni nusu. Mitihani ya miaka ya nyuma ilituonyesha alikuwa akipoteza alama kwa vitenzi. Anaulizwa "tathmini", yeye anaeleza. Anaulizwa "linganisha", anaandika aya ya hiki na aya ya kile, hazisalimiani. Tukaviandika vitenzi vile kwenye kadi, kila kimoja kinataka nini, na kila akifunga mtihani wa majaribio alikuwa anahesabu alama zilizopotea kwa kutojua na zilizopotea kwa kutosikia swali. Za pili zilikuwa nyingi.

Jambo jingine, ambalo kakangu hakulipenda: tuliacha kupigania 7 ya Hisabati. Ilikuwa inamla saa kumi kwa wiki kwa ajili ya alama mbili. Alikubali 5, saa zikahamia Kemia na Baiolojia. Kuna wazazi watakaosema huko ni kukata tamaa. Wao hawakumwona na hamri mkononi.

## Saa mbili usiku

Aliondoka kwa boti ya asubuhi kwenda Mokowe kupanda basi, mkoba mgongoni na mfuko wa ng'onda kutoka kwa nyanyake, ambao sijui bwenini waliupokeaje. Hailaita zake ziko nyumbani. Mdogo wake anachorea majahazi.

Mimi nilirudi darasani kwangu, vijana kumi na wanne wa kidato cha nne, na wiki ya kwanza nikajaribu kunyamaza. Nikauliza swali, nikahesabu kimoyomoyo. Nilifika sita. Nikawajazia.

Wiki ya pili nilifika kumi na moja.

Juzi alinipigia WhatsApp baada ya prepu, saa mbili usiku, moki zimebaki siku tisa. "Niulize," akasema. "Katikati."

Nikafungua kitabu popote, nikamuuliza kwa nini damu ya papa hailingani na ya changu. Akacheka, hilo akalitoa kama maji. Nikageuza kurasa nyingi nyuma, kwa mambo ya mwaka wa kwanza, nikamuuliza jambo la utando wa seli.

Akaanza. Akasimama.

Nilisikia viti vikiburutwa upande wa pili, mtu akicheka mbali, mlango. Jibu lilikuwa mbele yangu, limechapwa, mstari wa tatu.

"Usiniambie," akasema.

Nikafunika kitabu.